KUNUNUA UDONGO MBEYA? USICHEKE KWANZA!

Najua utacheka. Mtu na akili zake timamu yuko Mbeya, halafu anatafuta udongo wa kununua! Ni sawasawa na mtu wa Kigamboni aende dukani kuulizia maji ya chumvi. Mbeya hii hii ambayo wenyeji wake hujigamba kuwa ukidondosha kokwa la parachichi asubuhi, jioni uanze kutafuta ngazi ya kuchumia!

Haya, ukimaliza kucheka panda bajaji tuzunguke mitaa mipya. Nenda Isyesye, nenda Iwambi, nenda kule Itende. Nyumba kali, bati la rangi, geti la chuma lenye nakshi za kuchomelea. Sasa chungulia uani. Utakuta udongo mwekundu mgumu kama sahani, na katikati yake waridi moja limeinamisha kichwa kama limefiwa. Mwenye nyumba atakwambia eti eneo lile lina mkosi. Mkosi wa wapi, bwana! Udongo wake ameuzika mwenyewe.

Iko hivi. Kiwanja kikianza kusawazishwa, kitu cha kwanza kuondoka ni ile tabaka nyeusi ya juu. Inakwanguliwa, inasukumwa bondeni au inafunikwa huko huko. Kisha linakuja lori la kifusi, linamwaga, watu wanashindilia mpaka panalia ‘ti! ti!’ Kifusi ni ndugu yake saruji, msomaji wangu. Kwenye msingi kinafaa sana, lakini ukikipandia figiri au chainizi utaishia kununua mboga sokoni kama kawaida yako.

Mimi mwenyewe nimepanga chumba na sebule maeneo ya Ilomba, na uani kuna nafasi ya mita tano kwa mbili ambayo mama mwenye nyumba alikuwa anaanikia nguo tu. Nikamwomba nipalime. Akasema, “Lima mwanangu, ila usinijazie nyoka.” Nikachukua jembe. Pigo la kwanza likatoa cheche! Kumbe nilikuwa nalima kokoto, vipande vya matofali na soli ya kandambili ya mtu. Ndipo nikaamua kuingia mtaani kutafuta udongo wa maana, na hicho ndicho kisa cha safari yenyewe.

Mahali pa kuanzia ni Uyole. Ukitoka Mwanjelwa unafuata barabara kuu ya kwenda Dar, na kufumba na kufumbua uko njia panda ambako magari ya Tukuyu, Kyela na mpakani Kasumulu yanakatia kulia. Baridi ya pale usiidharau. Mwezi wa sita na wa saba hata konda anaita abiria mikono ikiwa mifukoni. Ukipanda kwa barabara ya Tukuyu kuelekea Isongole, acha kuchezea simu, angalia kingo za barabara pale zilipochongwa na greda. Ni kama keki iliyokatwa kwa kisu. Juu kabisa kuna weusi, kina cha kiganja mpaka cha mkono mzima. Chini yake mkanda wa vijiwe vya rangi ya maziwa yaliyochacha. Chini tena udongo wa kahawia.

Vile vijiwe viokote kimoja. Utashangaa, vyepesi kama mkate mkavu! Tia kwenye beseni la maji, kinaelea. Hiyo ni kazi ya volkano. Mlima Rungwe, ule unaouona umejikunyata mawinguni, ulilipuka kwa kishindo miaka kama 4,000 iliyopita ukamwaga vijiwe na majivu eneo kubwa sana. Mwenzake Kyejo alitapika mara ya mwisho yapata mwaka 1800, juzi tu kwa hesabu za milima. Majivu hayo yakalowa, yakaota majani, majani yakaoza, yakaota mengine. Ukisikia viazi vya Uporoto, ndizi za Tukuyu na chai ya Rungwe, huo ndio mtaji wake. Udongo wenyewe ni mweusi, mwepesi, unashika maji kama sifongo, na ukiusugua ukiwa umelowa unateleza kidogo kama sabuni.

Ila hata huo una ujeuri wake. Udongo wa majivu ya volkano una tabia ya kung’ang’ania fosfeti isiufikie mmea. Kwa hiyo usidhani ukishaupata basi umemaliza, samadi utatia tu.

Sasa tuje kwa wauzaji. Usitegemee kukuta duka lenye kibao. Udongo huuzwa kwa mdomo: unamwuliza muuza miche ya maua kando ya barabara, naye anamjua mwenye kirikuu, na mwenye kirikuu anajua ‘sehemu’. Bei sitaji, maana leo hii kesho ile, na ukivaa viatu vya kung’aa inapanda palepale.

Niliyempata mimi ni suka mmoja mcheshi, gari lake limeandikwa maneno ya Biblia mbele na ya kejeli nyuma. Akanionyesha sampuli kwenye kiroba. Nyeusi tii! Nikauliza umetoka wapi. Akajibu, “Kaka, wewe unanunua udongo au unanunua historia?”

Hapo ndipo wengi tunapokwama, tunaona aibu tunalipa. Usilipe. Historia ndiyo unayoinunua hasa. Weusi peke yake hausemi kitu, kwani hata udongo wa kinamasi ni mweusi, na ukikauka unapasuka kama nyayo za mlevi. Chukua konzi, lowesha, finyanga kidole. Ukitoka mrefu na unang’aa bila kukatika, huo ni mfinyanzi, wapelekee wafinyanzi. Ukikataa kabisa kushikana, ni mchanga. Unaoutaka wewe unashikana, halafu ukiubonyeza kwa dole gumba unavunjika bila ugomvi. Nusa pia. Uwe na harufu ya mvua ya kwanza, si ya choo wala ya dizeli.

Kama una siku moja ya kusubiri, tia udongo kwenye chupa ya maji mpaka nusu, jaza maji, tikisa kwa nguvu uiweke dirishani. Mchanga unazama ndani ya dakika moja au mbili. Vumbi laini linafuata ndani ya saa chache. Mfinyanzi unabaki ukiyachafua maji mpaka kesho yake au zaidi. Juu kabisa yataelea makapi ya mboji na vile vijiwe vya Rungwe. Chupa yangu niliiweka dirishani, mgeni wangu mmoja akadhani ni dawa ya kienyeji akaaga mapema.

Kuna adui wawili ambao chupa haiwaonyeshi. Wa kwanza ni magugu. Pekua kwenye kiroba utafute vijikokwa vyeusi vyenye mizizi kama nyuzi. Hiyo ni ndago. Au mizizi myeupe mirefu yenye vifundo, hiyo sangari. Ukiiona, rudisha kiroba na uage kwa heshima, maana ndago ukiikaribisha uani itakuzika.

Wa pili ni mbaya zaidi, na ndiye aliyenifanya nisiwe mpole kwa yule suka. Udongo mwingi mweusi wa upande wa Uporoto umelimwa viazi mviringo. Viazi vina ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, na bakteria wake huishi udongoni hata viazi vikishavunwa. Mmea unanyauka mchana kweupe ukiwa bado wa kijani, kesho yake umelala. Ugonjwa huo huo unaua nyanya, biringanya na pilipili. Sasa wewe wa Forest au Block T unayetaka kupanda nyanya, unaletewa lori zima la mnyauko mpaka mlangoni, na unalipia! Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: shamba hilo lililimwa nini misimu iliyopita? Akijibu viazi, basi udongo huo mpandie maua ya kawaida, mahindi au mchicha, nyanya zitafutie kwingine.

Nikamwambia suka, “Nipeleke ulikochimba.” Alinung’unika, lakini nilipokubali kuchangia mafuta akawasha gari.

Tulipanda mpaka kijiji kimoja juu ya barabara ya Tukuyu, ukungu umeshuka hata ng’ombe unawasikia kabla hujawaona. Tukashuka kwa mama mmoja wa makamo, kitenge kiunoni na sweta la mwanawe mwilini. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akaongeza, “Ugonile!” Kinyakyusa changu kinaishia kwenye ‘ndaga’, nikaitumia hiyo hiyo akacheka.

Akatuonyesha shamba. Upande wa kushoto lilikuwa jeusi, limeinuka. Upande wa kulia lilikuwa limeshuka kama kina cha kiwiko, na ardhi yake ina madoadoa meupe kama mtu mwenye mba. Pale katikati ungeweza kukaa na kuning’iniza miguu.

Huo upande wa kulia aliuuza. Ilikuwa mwaka 2019, kijana wake anaanza chuo, magari yakaja siku tatu mfululizo. Vibarua walichota mpaka walipogusa vijiwe vyeupe wakaondoka. Hela ikatosha ada ya mwaka wa kwanza. Msimu uliofuata maharage yakaota njano. Viazi akavuna vya saizi ya gololi.

“Mvua ilivyokuja,” akasema, “maji hayakuingia tena ardhini mwanangu, yalikimbia yakaenda kumsumbua jirani.” Tangu hapo samadi yote ya ng’ombe wake wawili inaishia upande ule, na bado mahindi ya kushoto yanayaangalia ya kulia kwa juu.

Nikamwuliza kama yule kijana alimaliza. Akasema amemaliza, yuko Makambako kwenye shughuli zake, na mdogo wake naye yuko kidato cha sita. Kisha akaniangalia usoni akauliza, “Kwa hiyo unataka tripu ngapi?”

Jamani! Nilikosa jibu. Upande wa kushoto ulikuwa palepale mbele yangu, mweusi, hauna ndago, na ulikuwa na maharage mwaka uliopita, si viazi. Kwa vipimo vyote nilivyokutajia hapo juu ule ndio udongo bora niliouona safari nzima. Suka alishashika chepe.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linasema sentimeta mbili tatu za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujitengeneza. Piga hesabu ya kina cha kiwiko. Mimi nakaa chumba cha kupanga, mwakani huenda nikahamia Nzovwe na figiri zangu nikaziacha. Yeye hahami. Sikumlaumu kwa kuuza, maana ada haisubiri miaka 1,000, na wala sikumpa mhadhara. Nilinunua debe mbili za viazi, nikamwambia udongo nitamjulisha. Naye akajua. Hakunisindikiza mpaka barabarani.

Tukiwa tunashuka suka alikuwa amenuna kwa kukosa biashara. Tandiboi wake, kijana mmoja mpole aliyekaa nyuma juu ya viazi vyangu, akagonga kioo akasema, “Kaka, kwani ule wa misingi ya Isyesye huutaki? Si tunaumwaga kila siku!”

Suka akafunga breki. Tukaangaliana watu wazima wawili, hatuna la kusema.

Kesho yake tukaenda. Na hapa, msomaji wangu, nisikilize kwa makini kwa sababu ndiyo sehemu itakayokuokolea hela. Mji wa Mbeya unakua juu ya mashamba. Kila msingi unaochimbwa kwenye eneo lililokuwa la mahindi au maharage unatoa ule ule weusi wa juu, na mwenye kiwanja anauona ni takataka. Wengine hulipa uondolewe! Ukiwahi kabla kifusi hakijaja, unapata udongo ambao hata usipouchukua utazikwa chini ya saruji. Hakuna shamba la mtu linaloshuka kwa ajili yako.

Ongea kwanza na mwenye kiwanja, si vibarua peke yao, usije ukaitwa mwizi wa udongo. Ukishapata ruhusa, elewana na vibarua waweke pembeni chepe la kwanza na la pili, wasichanganye na wanachotoa chini. Hapo ndipo penye vita. Kibarua analipwa kwa shimo, haoni tofauti ya udongo na udongo, kwa hiyo kaa naye, mletee hata chai na chapati. Uulize palilimwa nini. Na wakati mzuri ni kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi, kabla mvua za Novemba hazijaanza: wajenzi wanakimbizana, udongo mkavu ni mwepesi kubeba, na gari halikwami. Udongo uliolowa ukikanyagwa unashikana kama ugali wa jana.

Njia nyingine za mkato ziache. Kuna watakaokwambia wana mboji ya msituni, wameichota Kawetire chini ya misonobari au huko Poroto. Kuchota udongo kwenye msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa, na mboji ya misonobari inawafaa zaidi wanaootesha misonobari: wenye vitalu huichanganya kidogo kwenye viriba kwa ajili ya ule ukungu unaoisaidia mizizi yake. Wengine watakuletea wa kando ya vijito vinavyoshuka kutoka Loleza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ukiona ukingo unavyomeguka masika utajua kwa nini.

Hesabu ya kununua isikutishe. Tuta langu mita tano kwa mbili, nataka kina cha sentimeta 20. Zidisha: mita za ujazo mbili. Ndoo 50 za lita 20 hufanya mita moja ya ujazo, kwa hiyo mimi nahitaji ndoo 100, na kidogo juu yake kwa sababu udongo ukimwagiwa maji unakaa chini. Nenda na futi ya fundi, pima bodi ya gari urefu, upana na kimo, maana neno ‘tripu’ halina kipimo. Ajabu ya nchi yetu, kwenye viazi mnunuzi anataka lumbesa mpaka gunia linavaa kofia, lakini kwenye udongo muuzaji anakuletea kipara! Akifika angalia kwanza katikati ya bodi, wanapenda kupaacha bonde.

Kabla ya kumwaga ule mpya, chimbua kifusi cha chini japo kwa sururu, usiuweke juu ya sakafu. Maji yasipopata pa kwenda mizizi itaoza na utarudi kulalamika kuhusu mkosi. Samadi iwe imeiva, haina joto wala harufu kali. Ile ya kuku ikiwa mbichi inaunguza miche kama maji ya moto, iache kwanza miezi kadhaa. Maranda mabichi ya mbao, haya yanayotoka kwa wenzetu wa Mafinga, nayo yasubiri, maana yakiozea shambani yanakula naitrojeni ya mimea yako. Makapi ya mpunga kutoka mashine za Igurusi ni mazuri kulegeza udongo. Kwa maua ya kwenye kopo mimi natia udongo makopo matatu, samadi mawili, mchanga moja, na vile vijiwe vya Rungwe navipondaponda kidogo juu ya hapo. Na kama una bustani ya biashara usibahatishe, TARI Uyole wapo hapo hapo kwa ushauri na kupima udongo.

Wangu uliletwa siku ya Jumamosi, tripu mbili za kirikuu kutoka msingi wa mtu ambaye mpaka leo ananishangaa. Tandiboi alimwaga, akafagia bodi kwa mkono mpaka punje ya mwisho. Mama mwenye nyumba alitoka na khanga ya begani, akauzunguka ule mlima mara mbili, akachota kiganja kimoja akaunusa.

“Huu ni wa shamba la nani?” akauliza.

Nikamwambia ni wa Isyesye, panajengwa nyumba. Akasema zamani alikuwa anavuna maharage huko huko, eneo la mkwewe, kabla halijapimwa viwanja. Akaingia ndani akarudi na ndoo tatu tupu.